Moto Usiorudi Kituoni: Udhibiti wa Jeni na Mwako wa Ubongo Uzeeni

Utangulizi

Makala haya yalizaliwa na swali la jirani. Katika wadi ya Airport, upande wa Changamwe, Mombasa bara, yupo mzee mmoja mstaafu wa bandari ambaye kwa muda wa miaka mitatu sasa huamka usiku wa manane, akavaa viatu vyake na kutaka kwenda zamu. Zamu hiyo ilikwisha siku alipostaafu. Mara mbili amekutwa kwenye njia iendayo uwanja wa ndege akiuliza lango la bandari liko wapi. Mtaani yamesemwa mengi: kwamba uzee umemrudisha utotoni, kwamba amechezewa, kwamba ana pepo anayetaka kupungwa. Binti yake, mama wa makamo, alinijia na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya daktari, nayo ilisema kwa Kiingereza kwamba yumkini mzee ana ugonjwa wa Alzheimer. Ya pili ilikuwa na maelezo marefu aliyochapishiwa na mwanawe kwenye saiba. "Mwanangu," akaniambia, "wewe ndiwe unayekisoma Kiswahili mpaka huko juu. Nitafsirie hizi. Kisha uniambie, hili la baba nami nitalirithi?"

Nilikwama katika sentensi ya tatu. Palikuwa na neno ambalo kwa mazoea hufasiriwa kuwa "uvimbe", nami nikamsomea hivyohivyo: ubongo wa mzee una uvimbe. Mama akashika kifua. Kwake, na kwa wasemaji wengi wa lugha hii, uvimbe wa ubongo ni kinyama kilichoota, kitu cha kukatwa kwa kisu. Sicho kilichokusudiwa. Kwa neno moja nilikuwa nimempa mzee ugonjwa asiokuwa nao.

Kwa hiyo makala haya yanadhamiria kueleza, kwa Kiswahili kinachoweza kusomwa na mtu asiye mwanabayolojia, jinsi usomaji wa jeni unavyoendesha hali hiyo katika maradhi yanayokula ubongo polepole. Nitaiita mwako. Neno hili lina kasoro zake, lakini angalau halimpeleki msikilizaji kwenye chumba cha upasuaji.

Moto na wazimamoto

Ngozi ikikatwa au kuingiwa na vijidudu, huwa nyekundu, hupata joto, huvimba na kuuma. Huo ndio mwako tunaoufahamu, nao ni kazi ya kinga ya mwili. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, na kinga ya mwili hufuata kanuni hiyo: huwasha moto mdogo ili kuunguza adui. Ubongo umefungwa ndani ya fuvu na hauwezi kuvimba kama kidole, hivyo mwako wake huwa wa chinichini. Haumletei mtu homa wala maumivu. Aghalabu haujulikani mpaka umekwisha kuunguza kitu.

Mtu anayeishi Airport hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi kuna kikosi cha zimamoto kinachokaa tayari usiku na mchana. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga hudai kwamba magari ya kikosi cha aina hii yaweze kufika mahali popote kwenye njia ya kurukia ndege kwa muda usiozidi dakika 3. Ubongo nao una kikosi chake. Seli zake huitwa maikroglia, nazo ni takribani kumoja kati ya seli kumi za ubongo. Asili yake si ubongo wenyewe. Huhamia humo mapema sana, mimba ingali changa, kisha huweka makao ya kudumu. Seli hizi zina vijitawi vyembamba ambavyo kutwa kucha hupapasapapasa jirani zake. Zikikuta seli iliyokufa huimeza. Zikikuta vijidudu hutoa saitokini, yaani protini za kupigia mbiu, ambazo huwaita wengine na kusumu adui.

Hapa ndipo ilipo hatari. Dawa ya kuzimia moto ikimwagwa kwa robo saa huokoa ndege. Ikimwagwa mwaka mzima huozesha uwanja. Saitokini zile zile zinazoua vijidudu huharibu viungio vya seli za neva, na seli ya neva, tofauti na ya ngozi, ikifa kwa kawaida haizaliwi nyingine badala yake. Swali basi si kwa nini kikosi kilitoka kituoni. Swali ni nani alipaswa kukirudisha, na kwa nini hakufanya hivyo.

Mnara na amri

Kila seli ya mwili wa mwanadamu, isipokuwa chache, ina nakala kamili ya maandishi yaleyale ya urithi, yapata herufi bilioni 3. Ndani yake zimo jeni za kuundia protini zipatazo 20,000, nazo huchukua chini ya asilimia 2 ya maandishi yote. Seli ya ini na maikroglia zina kitabu kimoja. Kinachozitofautisha ni kurasa zinazosomwa. Udhibiti wa jeni ni jumla ya taratibu zinazoamua ni jeni ipi isomwe, lini, kwa kiasi gani na isomwe mpaka lini. Hilo la mwisho ndilo linalotuhusu hasa.

Mwaka 1986 Ranjan Sen na David Baltimore walieleza protini waliyoiita NF-kappa B. Wao walikuwa wakichunguza seli za damu, lakini baadaye ilidhihirika kwamba protini hiyo imo katika takriban kila seli, maikroglia zikiwemo. Wakati wa amani hukaa nje ya kiini cha seli, imekumbatiwa na protini nyingine inayoizuia isiingie. Dalili ya hatari ikigusa utando wa seli, mzuiaji huyo huvunjwavunjwa, NF-kappa B huingia kiinini, hujishika kwenye sehemu maalumu za maandishi na kuamuru jeni za saitokini zisomwe. Haya yote hutokea ndani ya dakika chache.

Lakini miongoni mwa jeni zinazowashwa na NF-kappa B imo jeni ya yule mzuiaji wake. Anayepiga king'ora hutia sahihi, kwa mkono uleule, amri ya kukamatwa kwake. Mzuiaji mpya huundwa, huingia kiinini, humng'oa NF-kappa B kwenye maandishi na kumrudisha nje. Jeni za mwako hunyamaza. Nikiri kwamba katika yote niliyosoma kwa ajili ya makala haya, hili ndilo lililonifanya nifunge kitabu kidogo nikatafakari.

Katika ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer mzunguko huu hufanya kazi, ila dalili ya hatari haikomi. Mnamo 1906 daktari Alois Alzheimer alieleza habari za mwanamke mmoja wa Ujerumani aliyepotewa na kumbukumbu. Katika ubongo wake, baada ya kufariki, aliona madongo baina ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Leo twajua kwamba madongo yale ni ya protini iitwayo amiloidi, na nyuzi zile ni za protini iitwayo tau. Alzheimer aliona pia kwamba seli zisizo za neva zilikuwa zimejaa mafuta, jambo ambalo halikutiliwa maanani kwa miongo mingi. Kwa maikroglia, dongo la amiloidi ni kama vijidudu visivyokufa. Hulizingira, hujaribu kulimeza, hushindwa, huita wenzake. Kila mzuiaji anayeundwa huvunjwa tena na dalili mpya. King'ora hakizimwi kwa kuwa kila kinapotulia kuna anayekibonyeza.

Irabu juu ya herufi

Ipo tabaka ya pili ya udhibiti, nayo itaeleweka upesi na yeyote aliyewahi kushika mswada wa Kiswahili ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu. Herufi be mbili zikiachwa bila irabu zinaweza kusomwa baba, bibi au bubu. Irabu si herufi. Ni alama zinazotiwa juu au chini ya herufi, na mwandishi mwingine aweza kuzifuta na kutia nyingine bila kugusa mwili wa maandishi. Maandishi ya urithi yamevingirishwa kwenye protini ziitwazo histoni, na juu ya histoni hizo hubandikwa alama za kikemia. Baadhi hulegeza mviringo ili jeni isomeke. Nyingine huukaza ili isisomeke. Mfano wangu una mpaka wake: irabu hubadili neno, ilhali alama hizi hazibadili maana ya jeni bali huamua kama itasomwa na kwa sauti gani. Hata hivyo zinashabihiana katika jambo moja kubwa, kwamba maandishi hayabadiliki na usomaji unabadilika.

Alama hizi zina kumbukumbu. Mwaka 2018 Ann-Christin Wendeln na wenzake nchini Ujerumani walichapisha utafiti wa panya waliodungwa mwilini, si ubongoni, kemikali itokanayo na bakteria. Miezi kadhaa baadaye maikroglia za panya hao zilikuwa bado na alama za histoni zilizobadilika. Zaidi ya hayo, panya waliodungwa mara moja walizidiwa na ugonjwa wa madongo, na waliodungwa mara kadhaa mfululizo ugonjwa wao ulipungua. Yaani kikosi kilichoitwa mara moja kilibaki na mchecheto, na kilichoitwa mara kwa mara kikajifunza utulivu. Panya si mtu, na haifai mtu wa Changamwe kuanza kuhesabu malaria alizougua ujanani akidhani ndizo zitakazomla akili. Ila jambo lenyewe limethibiti: maikroglia hukumbuka, na hukumbuka kwa alama zilizo juu ya maandishi.

Ushahidi kwamba mambo haya si nadharia tupu unatoka kwa wagonjwa wenyewe. Watafiti walipolinganisha maandishi ya urithi ya maelfu ya wagonjwa wa Alzheimer na ya watu wazima wa afya, walikuta kwamba tofauti nyingi zinazoambatana na ugonjwa hazimo ndani ya jeni. Zimo katika sehemu za pembeni zinazoamuru usomaji, tena zile zinazofunguka ndani ya maikroglia. Chukua jeni iitwayo BIN1. Inasomwa katika seli za neva na katika maikroglia pia. Mwaka 2019 Alexi Nott na wenzake walikata kipande kifupi cha maandishi, mbali kidogo na jeni yenyewe, kilichobeba mojawapo ya tofauti hizo. BIN1 ikaacha kusomwa katika maikroglia. Katika seli za neva ikaendelea kusomwa kama kawaida. Jeni ni moja, maamrisho ni mawili. Kadhalika, mwaka 2017 ilichapishwa habari ya tofauti moja inayopunguza usomaji wa protini iitwayo PU.1, ambayo ni kama mkuu wa kikosi cha maikroglia. Waliorithi tofauti hiyo walikawia kupata ugonjwa.

Si kila kitu ni udhibiti. Zipo jeni zilizoharibika zenyewe. TREM2 ni protini inayokaa juu ya maikroglia na kuhisi mafuta ya seli zilizokufa. Mwaka 2013 ilibainika kwamba kasoro moja adimu ndani ya jeni yake huongeza hatari ya Alzheimer takribani mara tatu. Lakini hata TREM2 hufanya kazi yake kwa kubadili usomaji: ikihisi uharibifu, huisukuma maikroglia iache kusoma jeni za doria na ianze kusoma nyingine, mojawapo ikiwa ile iitwayo APOE. Nayo APOE ndiyo inayotuleta nyumbani.

Jeni moja, nchi mbili

APOE huunda protini inayobeba mafuta. Ina sura tatu zilizoenea, na tangu 1993 inajulikana kwamba sura ya nne, APOE4, ndiyo sababu kubwa ya kurithi ya Alzheimer ya uzeeni. Mzungu aliyerithi nakala moja hatari yake huongezeka yapata mara tatu; aliyerithi mbili, mara kumi au zaidi. Hayo ndiyo yaliyoandikwa katika karatasi ya pili ya yule mama, bila kutajwa ni watu gani waliochunguzwa.

Ukweli ni kwamba Afrika Mashariki ilikuwa imetoa ushuhuda wake mapema. Mwaka 1996 Julius Ogeng'o na wenzake walichapisha uchunguzi wa bongo za wazee wa Afrika Mashariki waliofariki bila kupungukiwa akili, wakaonyesha kwamba madongo ya amiloidi yamo humo kama yalivyo kwingineko. Dhana kwamba Mwafrika hana ugonjwa huu haikuwa na msingi. Mwaka uliofuata zilichapishwa tafiti za wazee wa Afrika Mashariki kuhusu APOE. APOE4 ilikutwa kwa wingi. Uhusiano wake na kupotewa na akili haukukutwa. Huko Ibadan, Nijeria, watafiti waliowalinganisha Wayoruba na Wamarekani weusi wa Indianapolis walifika mahali karibu na hapo.

Kwa miaka mingi jambo hili lilionekana kama kitendawili. Jibu lilianza kuja mwaka 2018, Farid Rajabli na wenzake walipochunguza Wamarekani weusi na watu wa Puerto Rico, ambao maandishi yao ya urithi ni mchanganyiko wa vipande vya Afrika na vya Ulaya. Walikuta kwamba APOE4 iliyozungukwa na kipande chenye asili ya Afrika haina ukali wa ile iliyozungukwa na kipande chenye asili ya Ulaya. Mwaka 2021 kundi hilohilo la watafiti likatazama ndani ya seli za ubongo na kuona kwamba APOE4 yenye majirani wa Ulaya husomwa zaidi. Herufi za jeni ni zilezile. Majirani zake ndio wanaoipandisha au kuishusha sauti.

Mimi naona hapa pana jambo zito kuliko yote niliyoyataja. Msomaji anayetafsiri karatasi ya afya kutoka lugha nyingine hatafsiri maneno tu. Hutafsiri pia watu waliohesabiwa. Kama hakusema "hatari hii ni ya fulani", amemkabidhi jirani yake takwimu za bara jingine.

Somo kama hilo limejirudia katika ugonjwa wa Parkinson. Mwaka 2023 ilitangazwa tofauti moja katika jeni ya GBA1 inayoongeza hatari ya ugonjwa huo kwa watu wa asili ya Afrika, wengi wa waliochunguzwa wakiwa Wanijeria, na ambayo kwa Wazungu takriban haipo. Nayo haiko katika sehemu ya jeni inayofasiriwa kuwa protini. Iko katika kipande kinachokatwa jeni inapohaririwa, na huharibu uhaririji huo.

Kuhusu ukubwa wa tatizo kwetu, hesabu nzuri zaidi zinatoka wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Utafiti uliochapishwa 2013 ulikadiria kwamba asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na upotevu wa akili wa uzeeni. Si wazee peke yao wanaoguswa na maradhi ya kuharibika kwa ubongo. Huko Mahenge, Tanzania, tangu miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall alieleza ugonjwa wa watoto wanaotikisa kichwa kama wanaosinzia. Baadaye uliwapata watoto wengi kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2018 uchunguzi wa bongo za baadhi ya vijana wa Uganda waliofariki kwa ugonjwa huo ulikuta nyuzi za tau, zile alizoziona Alzheimer kwa mwanamke wa Kijerumani.

Kwa nini hauzimwi tu?

Mwenye akili ya kawaida atauliza: kama shida ni mwako, mbona mzee hapewi dawa za kutuliza mwako, zilizojaa madukani? Zilijaribiwa. Jaribio kubwa la Marekani lililowapa wazee dawa mbili za aina hiyo lilisimamishwa mwaka 2004 kwa hofu ya madhara ya moyo, na ufuatiliaji wa baadaye haukuonyesha kwamba zilizuia ugonjwa. Dawa hizo hazigusi amri ndani ya kiini. Hupunguza kelele tu. Isitoshe, kumfukuza mzimamoto kituoni si kuzima moto, kwani maikroglia hiyo inayounguza ndiyo pia inayofagia. Wengine wakajaribu kinyume chake, kuiamsha TREM2 ili ufagiaji uongezeke. Jaribio hilo nalo lilitangazwa mwaka 2024 kuwa halikuwafaa wagonjwa. Dawa zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2023 na 2024 huondoa amiloidi na kupunguza kidogo kasi ya ugonjwa, na hufaa mapema tu. Kwa mzee anayetafuta lango la bandari usiku, wakati huo umepita.

Hata hivyo kuna kilichobaki mikononi mwa jamaa. Shinikizo la damu, kisukari, uziwi usiotibiwa na upweke vimo katika orodha ya mambo 14 ambayo jopo la jarida la The Lancet lilisema mwaka 2024 kwamba yakishughulikiwa huenda yangezuia au kuchelewesha karibu nusu ya upotevu wa akili duniani. Kupimwa shinikizo la damu hakuhitaji maabara ya jeni.

Maneno ya mtaani

Nimetaja hapo awali kwamba walikuwapo waliosema mzee amechezewa. Maneno hayo yana uzito katika pwani yetu. Katika kaunti ya Kilifi wazee wamekuwa wakiuawa kwa kutuhumiwa uchawi, mvi zikichukuliwa kuwa ushahidi, hata kukawa na makao ya kuwahifadhi walionusurika huko Kaya Godoma, Ganze. Chanzo cha mauaji mengi ni mashamba. Uchawi ni kisingizio tu. Lakini kisingizio huhitaji kitu cha kushika, na mzee anayetembea usiku, asiyewatambua wanawe, anayezungumza na watu wasiokuwapo, humpa msingiziaji kila anachotaka. Yeye mwenyewe hawezi kujitetea, maana amesahau alikokuwa jana.

Kwa sababu hiyo nilirudi kwa yule mama na tafsiri ya pili. Nilimwambia kwamba ndani ya ubongo wa baba yake kuna walinzi waliozaliwa pamoja naye, kwamba waliitwa kuzima moto wa kweli, na kwamba amri ya kuwarudisha haifui dafu mbele ya amri ya kuwatoa. Akauliza ni nani aliyewatuma. Nikamjibu kwamba hakutumwa mtu.

Kuhusu swali lake la kurithi, nilimweleza kwamba jeni zinazomfanya mtu apate ugonjwa huu bila shaka ni adimu sana, na aghalabu huonekana mapema, hata kabla ya miaka 60. Baba yake alianza kusahau akiwa na miaka 74. Kwa hiyo huenda akarithi hatari fulani, na kiasi chake hakiwezi kusomwa katika karatasi ile, kwa kuwa waliopimwa si yeye wala majirani zake. Alinyamaza kidogo, akaikunja karatasi ya pili, ile ya daktari akairudisha mkobani. Kisha akaniomba nimwandikie kwenye daftari, kwa hati kubwa, lile neno jipya nililosema badala ya uvimbe, apate kuwaonyesha ndugu zake wanaokuja Jumapili kuzungumzia habari ya mganga.